Shosho Aliyetusimamia Tukinyonyesha

Nimewaogopa watu wachache Thika: msimamizi wetu wa kiwandani, mwenye ploti, na daktari mmoja wa meno. Lakini hakuna aliyewahi kunitia baridi asubuhi mapema, kabla hata sijanywa chai, kama yule mlezi wa watoto wa mtaa wetu wa Landless. Sote tulimwita Shosho, yaani nyanya. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na aprona yake ilikuwa na mifuko miwili mikubwa ambayo hakuna aliyejua ndani mna nini.

Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye ploti ya vyumba vya mabati vya kupanga, kando ya mfereji. Ndani kulikuwa na mkeka, magodoro mawili, na watoto saba au wanane wa akina mama tuliokuwa tukifanya kazi viwandani. Nje ya mlango kulikuwa na benchi la mbao, na hilo benchi ndilo lililotuogopesha. Shosho hakumpokea mtoto ambaye hajanyonya mbele ya macho yake. Ulifika saa kumi na mbili na nusu, ukaketi pale, ukatoa ziwa, naye akasimama mbele yako amekunja mikono kama mtu anayesubiri kesi isomwe. Simu uliiweka kwenye sufuria iliyovunjika mpini, hapo mlangoni, pamoja na simu za wenzako. Zililia humo ndani na hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa na haraka. Gitau alikuwa na miezi mitatu na likizo yangu ilikuwa imekwisha. Nilimtoa ziwani baada ya dakika chache, nikafunga blauzi.

"Umemaliza?" Shosho akauliza.

"Nimemaliza, Shosho."

"Sijakuuliza wewe. Nimeuliza mtoto."

Wenzangu kwenye benchi wakaangalia chini. Nikafungua tena blauzi. Nilichelewa kazini siku ile, na msimamizi akanisema mbele ya laini nzima ya mashine. Kesho yake nikaondoka nyumbani nusu saa mapema, maana kati ya yule msimamizi na Shosho nilijua ni yupi ambaye sitaki kumuudhi mara ya pili.

Alisema haangalii maziwa, anaangalia nyuso. Alijua mama ambaye hakulala, mama aliyegombana na mume, mama aliye na homa ya ziwa na anaificha. "Wewe, hilo la kushoto lina moto. Enda kliniki leo, si kesho." Alikuwa anasema kweli mara nyingi mno, na hilo nalo lilitutia woga. Hakuna anayependa kusomwa hivyo kabla jua halijapanda.

Alikuwa mkali kuhusu maneno, hasa neno moja. Sisi vijana tulizoea kusema tumem-breastfeed mtoto, kama tulivyosikia kliniki. Yeye alikunja uso kama aliyepewa chai isiyo na sukari.

"Kubresti ni nini? Hapa tunanyonyesha."

Na kunyonyesha kwake hakukuwa jambo dogo. Kunyonya, alisema, ni kazi ya mtoto. Kunyonyesha ni kazi ya mama, na moja yaweza kufanyika bila nyingine. Mama akilala fofofo, mtoto akajitafutia ziwa mwenyewe, huyo mtoto amenyonya lakini mama hajanyonyesha. Mama akimshika mtoto huku akipigia mtu kelele za pesa za chama, vivyo hivyo. Maziwa tuliyokamua na kumwachia kwenye vikombe, aliwanywesha watoto kwa kijiko polepole, na jioni akitupa ripoti hakuwahi kuchanganya. "Leo nimemnywesha kikombe kimoja na nusu. Sasa keti umnyonyeshe." Yeye mwenyewe hakuwahi kusema amenyonyesha. Nilidhani ni utani wake tu, kumbe alikuwa anapima maneno kama mwenye duka anayepima unga.

Wanaume nao hawakusazwa. Kulikuwa na baba wa mapacha, mpole, fundi wa baiskeli, ambaye alimsindikiza mkewe kila asubuhi kwa sababu watoto walikuwa wawili na mikono ya mama haikutosha. Akishawafikisha alikuwa anasimama kando akipiga miayo.

"Na wewe baba, unanyonyesha?" Shosho akamuuliza siku moja.

Yule mwanamume akacheka. "Haiya, Shosho! Mimi na nini?"

"Huyu mwanamke amekunywa nini tangu aamke?"

Baba akamtazama mkewe. Mkewe akatazama kwingine.

"Basi hunyonyeshi bado. Ukianza utaniambia."

Siku iliyofuata alikuja na chupa ya uji wa wimbi na kikombe. Akaendelea hivyo mpaka mapacha walipoanza kutembea. Tukamtania, tukamwita baba anayenyonyesha, na mwishowe akawa anajiita hivyo mwenyewe bila aibu.

Mara moja tulikuwa tunalalamika pale kwenye benchi kwamba kampuni inatunyonya, jinsi kila mtu anavyosema. Shosho akatoka ndani na mtoto begani.

"Msiharibu hilo neno. Mtoto akininyonya mimi nafurahi, nataka anenepe. Huko kwenu nani anafurahi?"

Akarudi ndani. Nilikuwa nimeshaona kwamba amesema "akininyonya mimi", lakini sikumuuliza. Shosho hakuwa na mtoto. Hilo lilijulikana ploti nzima, na kila mtu alikuwa na hadithi yake ya kwa nini, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumuuliza mwenyewe.

Nisije nikamfanya malaika. Alituamuru tunawe mikono mpaka kwenye viwiko, halafu yeye akanusa tumbaku akageuza uso kidogo tu. Alikataza umbea kwenye benchi lake, na bado hakuna mimba iliyoingia Landless bila yeye kuijua kabla ya mwenye mimba. Hakujua kuimba. Watoto wa wenzetu walibembelezwa kwa nyimbo. Wetu walibembelezwa kwa taarifa ya redio. Aliwasimulia mvua imenyesha wapi, daraja gani limebebwa na maji, nani amezikwa, kwa sauti ileile ya mtangazaji, na walilala. Gitau mpaka leo husinzia taarifa ya habari ikianza.

Na alikuwa na kiburi cha macho yake. Alifuma sweta za shule, na tulimwona akianza kuishika sindano mbali, kwa urefu wa mkono mzima. Aliniomba nimtungie uzi, akisema macho yake yana vumbi. Kanisani walimpa miwani, akaiweka kabatini akisema ni ya wazee. Tukacheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria vikombe.

Vikombe vilikuwa hivi. Kila mama aliacha maziwa yake kwenye kikombe cha plastiki chenye kifuniko, na vyote vilikaa kwenye beseni la maji baridi chini ya gunia lililoloweshwa. Ili visichanganyike, Shosho alifunga uzi wa sufu kwenye mkono wa kikombe, na uzi wa rangi hiyohiyo kwenye kifundo cha mguu wa mtoto. Gitau alikuwa kijani. Zile nyuzi zilikuwa mabaki ya sweta, na kwa kufuliwa kila siku zilichuja, lakini alikuwa amefanya hivyo kwa miaka na hakuwahi kukosea.

Alikosea mwezi wa saba, siku ya mawingu, ya ile baridi ya Thika inayokufanya uvae sweta juu ya sweta. Nilipofika jioni nilimkuta ameketi kwenye benchi. Hakuwa amewahi kuketi hapo. Hilo ni letu. Gitau alikuwa amelala mapajani pake.

"Keti, Mama Gitau."

"Ana nini?"

"Hana kitu. Keti." Nikaketi. "Saa sita nimemnywesha kikombe ambacho si chake. Amemaliza chote. Uzi ulikuwa wa bluu. Mimi niliona kijani."

"Kikombe cha nani?"

Akaniambia. Kilikuwa cha dada mmoja mgeni, ametoka Magharibi mwa Kenya, hakuwa amemaliza wiki mbili kwenye ploti ya nyuma, akitafuta vibarua. Sikumjua hata jina.

Mtu ambaye hajanyonyesha Kenya anaweza kushangaa nilivyoogopa. Kikombe cha maziwa tu! Lakini sisi tumefundishwa kliniki tangu mimba ya kwanza. Tunapimwa damu mapema, tena na tena, kwa sababu ya virusi vya Ukimwi, na tunaambiwa bila kufichwa kwamba vinaweza kupita kwenye ziwa. Mama aliye na virusi akimeza dawa zake vizuri ananyonyesha na mtoto anakua salama. Hilo pia tulifundishwa. Damu yangu niliijua. Ya yule dada sikuijua, wala kama anazo dawa, wala kama anazimeza. Nilimwangalia Gitau mdomo, kwenye kona, palipokuwa na alama nyeupe imekauka, nikaifuta kwa kidole, nikaifuta tena, kama vile ningeweza kurudisha nyuma.

Yule dada akatokea kwenye geti wakati huohuo, amechoka, ana mfuko wa sukuma wiki. Shosho akamwambia naye, kwa maneno yaleyale. Mimi sikungoja. Nikasimama mbele ya akina mama wote waliokuwa wamekuja kuchukua watoto.

"Wewe uko na ugonjwa? Sema. Uko nao?"

Alinitazama bila kujibu. Alikuwa mdogo, pengine miaka ishirini. Akaingia ndani, akamtoa mtoto wake, akapita katikati yetu. Asubuhi chumba chake kilikuwa na kufuli, na jirani akasema ameondoka na kila kitu. Siku hizi nikimfikiria naona msichana aliyeaibishwa mbele ya umati. Wakati ule niliona jibu.

Kisha nikamgeukia Shosho, na maneno niliyomwambia sijayasahau.

"Miaka yote unatusimamia hapa, unatufundisha kunyonyesha, na wewe hujawahi kunyonyesha hata paka!"

Wenzangu wakavuta pumzi. Nilitaka apige kelele. Nilitaka anitukane, nipate sababu ya kuendelea.

"Ni kweli," akasema. Akainuka, akachukua leso. "Twende hospitali. Twende sasa hivi, dawa ya kuzuia haitaki kungoja."

"Usinifuate," nikamwambia.

Akanifuata hadi getini. Nilipogeuka kwenye kona ya barabara bado alikuwa amesimama pale na leso mkononi.

Hospitalini muuguzi alikuwa mtu wa taratibu. Alinieleza kwamba kikombe kimoja, mara moja, uwezekano ni mdogo sana. Mimi nilisikia uwezekano. Hayo mengine yalipita. Gitau akapewa dawa ya maji ya wiki nne, na tukapangiwa vipimo vitatu, cha mwisho miezi mitatu baadaye. Nikaambiwa niendelee kunyonyesha kama kawaida.

Kama kawaida! Sijui kama mtu anaweza kuielewa ile miezi mitatu. Mume wangu alikuwa kwenye machimbo ya mawe Gatuanyaga, akija nyumbani mwisho wa wiki amejaa vumbi, na jambo la kwanza alilofanya ni kumshika mtoto paji la uso. Gitau akikohoa, tulitazamana. Akitokwa na vipele vya joto, nilivihesabu. Alipoharisha siku mbili kwa sababu ya jino, nilijifungia chooni nikalia nimeuma kanga. Na nilipomweka kwenye ziwa, niliogopa kumtazama. Nilitazama ukuta. Alikuwa ananyonya, na ninajua Shosho angesema nini kuhusu mimi, kwa hiyo nilimchukia zaidi.

Alinipigia simu. Wiki ya kwanza kila siku, saa ileile ya jioni. Sikuchukua. Wiki ya pili nikaifungia namba yake isiweze kunifikia, nikahisi nimefanya jambo la maana. Kisha nikahakikisha kila mama wa Landless amejua. Sikuongeza chumvi, sikuhitaji. Asubuhi moja kulikuwa na akina mama watano kwenye benchi, baadaye wawili, baadaye hakuna. Kabla mwezi wa nane haujaisha alikuwa amefunga chumba na kwenda Ruiru kwa mpwa wake. Niliposikia, nilisema afadhali.

Nimelifikiria hili mara nyingi: hakuna aliyemwona akinywesha kile kikombe. Angekisuuza, angemimina ndani yake maji ya mchele, angeniambia mtoto amekula vizuri. Nisingejua mpaka leo. Alichagua kuniambia, akijua mimi ni mtu wa aina gani.

Kipimo cha tatu kilitoka mwezi wa kumi. Muuguzi alinigeuzia karatasi nisome mwenyewe, na kwa kuwa macho yangu yalikuwa yamejaa maji, akanisomea. Hana kitu. Nilitoka nje nikaketi kwenye ukingo wa maua, nikampigia mume wangu, naye akawaambia watu wa machimbo wote, nikasikia wakipiga mbinja. Nikampigia mama yangu kule Ngoliba. Nikawapigia wenzangu wa laini. Jumapili nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda, nikalia, watu wakalia nami. Nadhani mji mzima wa Thika ulijua kwamba Gitau yuko salama.

Mwaka uliofuata nilipata kazi kwenye kiwanda cha nguo Ruiru, tukahamia huko. Nilijua Shosho yuko Ruiru. Ruiru ni kubwa, nilijiambia, na sikumtafuta.

Nilimwona Jumamosi moja alasiri, mwaka huu, mwezi wa pili. Gitau ameshaanza shule ya chekechea, na tulikuwa tunatoka kumnunulia viatu. Alikuwa anaruka madimbwi. Kwenye safu ya vibanda vya mboga, nyuma ya kimoja, alikuwa ameketi mwanamke mzee kwenye kiti cha plastiki akichambua minji kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Amevaa miwani. Nilimtambua kwa jinsi alivyoinua uso, na yeye akanitambua palepale, akaweka ungo chini na kusimama ili aingie kwenye nyumba iliyokuwa nyuma yake. Shosho wetu, aliyesimama mbele ya kila mtu, alikuwa ananikimbia mimi.

"Shosho," nikaita.

Akasimama amenipa mgongo. Kisha akageuka polepole.

"Mama Gitau. Pole. Pole sana."

"Pole ya nini?"

"Nilitaka kuja. Nilifika mpaka stendi mara mbili, nikarudi. Sikujua nitakuambia nini." Vipande vya maganda vilikuwa vimeshikamana na vidole vyake. Akamtazama Gitau, aliyekuwa amejificha nyuma ya sketi yangu, akajaribu kutabasamu. "Na huyu ndiye aliyemfuata Gitau? Ngai, Mungu amekupa mwingine. Asante Mungu. Anaitwa nani?"

Nilisimama pale na mfuko wa viatu, nikaelewa polepole, kisha nikaelewa yote kwa pamoja. Watu wa machimbo walijua. Kanisa lilijua. Hata muuza mkaa alijua, ila yeye.

"Ni Gitau," nikasema. "Ni yeye, Shosho. Hakuna mwingine. Walimpima mara tatu. Hana kitu, hakuwahi kuwa na kitu."

Hakulia. Alishika ukingo wa kibanda na kumtazama mtoto, kuanzia viatu mpaka nywele, jinsi alivyokuwa akitutazama sisi.

"Walikuambia lini?"

Ningeweza kudanganya. Nilitamani sana kudanganya. Lakini mbele yangu alikuwa mtu ambaye hakunidanganya siku alipokuwa na kila sababu.

"Mwezi wa kumi. Ule ule mwaka."

Niliona midomo yake ikihesabu, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilingoja anigombeze. Nilikuwa nimesimama wima kama siku yangu ya kwanza, tayari kugombezwa, na nilikuwa nauhitaji ugomvi huo kuliko msamaha. Aliinama kwa shida, akashika mikono yote miwili ya Gitau, akaigeuza juu na chini, kisha akapaza sauti kuelekea ndani ya nyumba.

"Wewe, kuja! Kuja haraka uone! Hakufa!"

Mpwa wake akatoka mbio, mikono imejaa povu la sabuni, akapiga magoti kwenye tope mbele ya mwanangu na kuanza kulia, na hakuuliza ni mtoto gani.